Jerusa na Vifaranga Wasio na Mama

Watu wa laini za chai, zile safu za nyumba za wafanyakazi, walipenda kusema kwamba kulea vifaranga ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Walisema hivyo wakiwa wamekaa. Mimi nililelewa na mwanamke aliyeishi mlango wa pili kutoka kwa Jerusa, na habari za Jerusa nilizisikia jikoni tangu sijaweza kubeba mtungi, kwa hiyo mtu akianza maneno hayo mbele yangu huwa namkatiza kabla hajafika mbali.

Shamba lenyewe lilikuwa upande wa Kimulot, pale chai inapokomea na msitu wa Mau unapoanza. Ilikuwa katikati ya miaka ya thelathini. Ardhi ile ilikuwa ya Wakipsigis kabla haijawa ya kampuni, na waliochuma chai yake wengi walikuwa wageni: Wajaluo wa ziwani, na sisi Wakisii wa milima ya jirani. Mama yangu, Mellen, alikuwa Mkisii. Jerusa alikuwa Mjaluo wa Sakwa, aliyeolewa na Alfayo wa Uyoma. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, lakini Kiswahili cha kuokoteza kiliwatosha kugombana asubuhi na kupatana kabla ya ugali wa jioni. Wote wawili walikuwa watu wa kanisa. Jerusa hakujaliwa mtoto, na watu wa laini walilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini mbele yake na kwa sauti ya juu akishapita.

Alfayo alichochea moto kiwandani, kwenye tanuri la kukaushia chai. Kazi ile ilikuwa na mshahara mzuri kuliko kuchuma, na ndiyo iliyomuua. Alitoka mbele ya moto akiwa amelowa jasho, akaingia kwenye ukungu wa Kimulot, leo hivyo na kesho hivyo, mpaka kichomi kikamshika mbavu. Hakulala kitandani muda mrefu. Kusafirisha maiti kutoka Kimulot hadi Uyoma siku zile halikuwa jambo la maskini kufikiria, basi wakamzika kwenye mteremko ulio chini ya laini, mahali ambapo kampuni ilikuwa imewatengea wafu wake.

Kwa Mjaluo hilo ni jeraha. Mtu huzikwa katika dala, yaani boma lake mwenyewe, na anayezikwa kwingine huhesabiwa kuwa amelala porini kama asiye na kwao. Jerusa hakulia sana mazishini. Mama yangu alisema alisimama akiangalia udongo ukirudishwa shimoni, kisha akaenda kuwasha taa ya vifaranga.

Habari ya taa ni hii. Mke wa meneja, memsahibu, alikuwa ameingiwa na hamu ya kufuga kuku weupe wa Kizungu. Vifaranga waliletwa kwa treni hadi stesheni ya Lumbwa wakiwa na umri wa siku moja, wamefungwa katika maboksi yenye matundu, kisha wakapandishwa lori mpaka shambani. Mama yao alikuwa sanduku kubwa la mbao, katikati yake taa ya mafuta, pembeni yake mapazia ya blanketi kuukuu. Aliyeushika utambi wa taa hiyo alikuwa Jerusa. Vifaranga wakisongamana karibu na taa, wanaona baridi. Wakikimbilia pembeni na kuachama midomo, wanaungua. Wakitawanyika kama mtama uliomwagika, mambo ni sawa. Hayo hakuna aliyemfundisha. Aliyaona kwa kukaa nao.

Kundi la kwanza Jerusa alikuwa amelipoteza wakati Alfayo angali hai, na alilipoteza kwa kufuata alichokijua. Vifaranga wale walikua vizuri ndani ya sanduku mpaka manyoya ya kweli yakaanza kuota mgongoni na kwenye mabawa, miguu ikarefuka, na sanduku likawa dogo. Hapo huwa ni lazima kuwatoa. Jerusa akafanya kama wafanyavyo kwao Sakwa: jioni akawakusanya sakafuni na kuwafunika kwa tenga kubwa, kama mama yake na nyanya yake walivyofunika kuku na wanawe maisha yao yote. Kwa kuku wa Sakwa tenga halina hatia, maana chini yake yuko mama aliyefungua mabawa, na kila kifaranga ana mahali pake. Hawa wa taa hawakuwa na wa kuwatenganisha. Waliona baridi wakasongana, wa juu wakawakanyaga wa chini, na asubuhi Jerusa alipoliinua tenga alikuta rundo. Waliokuwa juu ya rundo tu ndio waliokuwa hai. Alfayo alimsaidia kuwafukia wala hakumtolea neno la lawama, na Jerusa alipomkumbuka mumewe baadaye, jambo hilo ndilo alilolitaja kwanza.

Kundi la pili lilifika matanga hayajaisha. Nyumba ya laini hupewa mwanamume mwenye kazi. Mwenye kazi akifa, nyumba hurudi kwa kampuni. Lakini memsahibu alimwambia nyapara, Mkisii mwenzetu aitwaye Omwenga, amwache Jerusa katika nyumba ile maadamu anatunza kuku. Kisha akaja mwenyewe mpaka mlangoni kuliweka wazi jambo hilo. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tupu, hakikuwa na habari wala pole. "Hii kuku nakufa tena," alisema, "wewe natoka nyumba." Jerusa akaitikia ndiyo. Mama yangu alipandwa na hasira akataka kusema neno, lakini dua la kuku halimpati mwewe, na memsahibu alikuwa amekwisha kugeuza mgongo.

Basi Jerusa akawalea wale wa pili kwa hofu. Kila unyoya mpya ulioota ulimsogeza karibu na siku ya kuwatoa. Memsahibu alikuwa amejengewa nyumba ya kuku ya mabati yenye madirisha ya wavu na uwanja mdogo uliozungushiwa waya. Jerusa akazijaza pembe za nyumba hiyo kwa magunia yaliyoshindiliwa nyasi, ili pasiwe na kona ya kurundikana. Taa akaipunguza kidogo kidogo, kwanza mchana, kisha na jioni, mpaka ikabaki ya kuwashwa kwa baridi kali tu. Akaenda kwenye chai iliyopogolewa, akachagua matawi manene yaliyonyooka, akayafunga chini chini kutoka ukuta hadi ukuta yawe vijiti vya kulalia.

Vifaranga wakapita chini ya vijiti kama havipo. Kuku hujifunza kulala juu kwa kumwona mwingine akipanda. Mwana hufuata kisogo cha nina, na hawa hawakupata kuona kisogo chochote. Taa iliwapa joto lakini haikuwaonyesha njia. Kila jioni walitafuta kona, wakikuta magunia wakarundikana katikati ya sakafu, na kila jioni Jerusa aliwaokota mmoja mmoja akawaweka juu ya kijiti, nao wakashuka.

Ndipo alipomfikiria jogoo wa Alfayo. Alikuwa jogoo wa kienyeji, mwekundu, mwenye shingo tupu na hasira za bure, ambaye Alfayo alimnunua soko la Sotik baada ya kuzunguka soko zima akiinua majogoo wa watu na kuwarudisha. Jogoo huyo jua lilipoanza kuteremka aliacha kila kitu, hata kugombana, akarukia boriti ya banda la kuni na kutulia. Jerusa akamhamishia kwa vifaranga. Siku za kwanza aliwadonoa, wakamkimbia. Baadaye akachoka kuwadonoa. Alipopanda kwenye kijiti, wawili watatu walisimama chini wakamtazama, na jioni moja mmoja wao akaruka, akaanguka, akaruka tena, akakaa kando yake. Jerusa alikuja mlangoni kwetu kumwambia mama yangu tu, bila kuingia, kisha akarudi kutazama kama yule kifaranga angali juu.

Siku chache baada ya hapo akafika Okello.

Okello alikuwa kaka mkubwa wa Alfayo, mkulima wa Uyoma mwenye wake wawili. Habari ya msiba ilimfikia kwa mdomo wa mtu aliyekwenda likizo, naye akaja, sehemu kubwa ya njia akitembea, kutoka tambarare za Ahero mpaka kwenye baridi yetu. Alifikia kwa Phelix, mtu wa Uyoma aliyekata kuni za kiwanda. Alikwenda kaburini kwanza. Alipotoka huko alikuja kwa Jerusa akaketi kwenye gogo nje, kwa sababu nyumba ya mjane ambaye matanga yake hayajafungwa haiingiwi hivi hivi na shemeji.

Alikuja kwa mambo mawili, na yote mawili alikuwa na haki ya kuyasema. La kwanza lilikuwa jogoo. Kwa Wajaluo, mwenye boma akifa, jogoo wake huchinjwa akaliwa na wanaume wa kwao, ili ijulikane kwamba boma lile limepoteza mwenyewe. Jogoo akiendelea kuwika ni kama kifo hakijakubaliwa. Wajaluo wa laini walikuwa wamemwacha kwa sababu walimngoja ndugu wa damu. La pili lilikuwa Jerusa mwenyewe. Okello angerudi naye Uyoma, amtunze kama mila inavyomtaka kaka wa marehemu kumtunza mjane.

Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amfanye mbaya. Lakini kule Uyoma Alfayo hakuwa na boma. Aliacha kibanda cha ujana katika boma la baba yake, na mchwa walikuwa wamekimaliza. Jerusa angelala jikoni kwa mke mkubwa wa Okello mpaka ajengewe nyumba, na neno mpaka linaweza kuchukua miaka. Mama mkwe alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba mwanawe alioa mkosi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mjane asiye na mtoto, asiye na nyumba, katika jiko la mwanamke mwingine, kamba yake huwa fupi sana. Jerusa aliogopa. Alimwambia mama yangu wazi kwamba anaogopa, na kwamba akiondoka hapa hatakuwa na mahali pengine pa kuitwa mwenye nyumba mpaka afe.

Mazungumzo yao ya kwanza mama yangu aliyaona, na baadaye Jerusa akamweleza maneno yake.

"Nyar Sakwa," Okello alisema, maana Wajaluo humwita mwanamke aliyeolewa kwa jina la kwao, binti wa Sakwa. "Hii ni nyumba ya kampuni. Si dala. Funga mzigo wako."

Jerusa alikuwa akisaga mahindi ya vifaranga. Hakuacha kusaga. Akamuuliza kama ni hivyo jogoo anamtakia nini. Okello akasema jogoo wa marehemu sharti aliwe, yeye kama mtu mzima anajua.

"Najua, shemeji. Jogoo anayeliwa ni wa dala. Kama hapa si dala, huyu ni kuku tu, mwache anifundishie vifaranga. Kama ni dala, mle. Lakini mjane haondolewi katika dala ya mumewe. Chagua moja, na lolote utakalochagua, ngoja kwanza hawa wajifunze kupanda, kwa sababu wakifa mimi nafukuzwa hata kabla hujamaliza kuchagua."

Okello alikasirika. Alisema kanisa limewafundisha wanawake kujibu. Alikosea, kwa kuwa kanisa halikuwa na neno hapo. Ilikuwa mila yake mwenyewe. Kwa Wajaluo mjane hukaa katika nyumba aliyoachwa, na anayemrithi ndiye anayekuja kwake. Jerusa hakuivunja mila, aliishika mahali ambapo Okello alikuwa ameiachia. Wazee wa Uyoma waliokuwa laini walisikia jambo hilo jioni ile, wala hakuna aliyeona pa kulipinga. Phelix akamshauri Okello apumzike kwanza, miguu yake ilikuwa imejaa malengelenge, na hakuna anayefanya uamuzi mzuri akiwa amevimba miguu.

Okello akangoja, kwa uso wa mtu anayelazimishwa. Kila alasiri alikuja kukaa kwenye gogo lile, nalo lilitazamana na uwanja wa vifaranga, kwa hiyo akatazama vifaranga. Kwanza alilalamika. Ndege wa memsahibu wanasagiwa mahindi meupe, alisema, na watu wanakula posho yenye wadudu. Baadaye akaanza kumwambia Jerusa kwamba yule mwenye doa mkiani anawadonoa wenzake, atengwe. Jerusa akamtenga. Siku nyingine akasema kijiti cha mwisho kimelegea, akaenda mwenyewe akakikaza kwa kamba ya mkonge. Habari ya kufunga mzigo hakuirudia, wala Jerusa hakumkumbusha.

Kila jioni waliopanda nyuma ya jogoo waliongezeka kidogo, lakini wengi bado walibaki sakafuni wakililia taa.

Mvua ya mawe ya Kimulot haitoi notisi. Alasiri ile jua lilikuwa likiwaka, wachumaji wako juu na vikapu, vifaranga wako nje uwanjani. Wingu likashuka kutoka Mau na mara mabati yakaanza kupiga kelele hata mtu hakuweza kumsikia aliye karibu naye. Jogoo alikimbilia ndani ya nyumba ya kuku bila kutazama nyuma, na waliokuwa wamezoea kumfuata wakamfuata. Wengine hawakujua pa kwenda. Hawakuwahi kuona mvua ya mawe, na hakuwepo wa kuwaita. Wakajirundika kwenye waya wa upande wa chini, mmoja juu ya mwingine, kama kundi la kwanza chini ya tenga.

Jerusa alitoka mbio akiwa kichwa wazi. Okello naye akatoka. Alivua koti lake la kaki, akaliweka chini, akalijaza vifaranga kwa mikono miwili, mawe yakimpiga kichwani na mgongoni. Jerusa alikuwa na moto ndani, basi alikimbilia kwake akaipua sufuria, akatandaza makaa. Okello akaja na koti lake mpaka mlangoni, na hapo akasimama. Hakuvuka kizingiti. Alisimama nje katika mawe yale akimpitishia vifaranga wawili wawili, naye Jerusa akawapokea kwa ndani na kuwapanga karibu na moto juu ya gunia. Mama yangu aliwatazama kutoka mlangoni kwetu. Alisema aliona mtu mzima akipigwa na mawe hatua moja tu kutoka chini ya paa, anatoa ndege mkono kwa mkono, na hakuthubutu kumwita aje ajifiche kwetu, kwa sababu aliona kwamba yule mtu ana heshima anayoilinda.

Mvua ilipokwisha uwanja ulikuwa mweupe. Waliokufa walikuwapo, lakini wengi walipona. Okello aliwaokota waliokufa bila kuambiwa, akawafukia nyuma ya nyumba, kisha akakaa kwenye gogo akitetemeka. Kabla jua halijazama Jerusa aliwarudisha waliopona katika nyumba yao. Jogoo akapanda kijitini. Vifaranga walizungukazunguka kwenye sakafu iliyokuwa baridi na yenye maji, wakalia, kisha wakaanza kuruka, mmoja, wengine, wengine tena, wakisukumana juu ya matawi ya chai mpaka vijiti vikajaa. Waliobaki chini walikuwa wachache, na Jerusa akawapandisha kwa mkono, nao safari hii hawakushuka. Memsahibu alipita kwa farasi akachungulia, akasema wamekua vizuri, akaenda zake.

Asubuhi Okello alikwenda tena kaburini. Mawe ya mvua yalikuwa bado hayajayeyuka pale udongo wa kaburi ulipobonyea. Alikaa huko hata Phelix akaenda kumtafuta. Alipopanda kurudi, macho yake yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha. Alimkuta Jerusa akianika juani majani ya kuwatandikia vifaranga.

"Siwezi kwenda kumwambia mama kwamba mwanawe amelala porini," alisema. "Nimeshindwa. Jogoo aliwe."

Jerusa akaketi chini palepale, miguu imenyooka, akalia kwa sauti. Hakuwa amelia hivyo tangu Alfayo afe. Mama yangu, ambaye hakuelewa maneno, alidhani ameambiwa aondoke, akatoka nje akiwa tayari kwa vita. Ilibidi Phelix amsimamishe na kumweleza kwa Kiswahili kwamba jogoo akiliwa hapa, basi hapa kulikuwa na boma, na mwenye boma amezikwa nyumbani kwake, na mke wa mwenye boma yuko kwake. Mama akauliza kwa nini basi analia. Phelix akasema hajui. Wanaume wakati mwingine hawajui kitu kabisa.

Mtu atasema ardhi ile haikuwa ya Okello kuitangaza boma la mtu. Kweli. Kampuni ingecheka, na Mkipsigis yeyote wa Kimulot angeuliza, kwa haki, nani aliwapa wageni wa ziwani ruhusa ya kuhesabu maboma huku. Nimelifikiri jambo hilo sana, na sina jibu la kumridhisha kila mtu. Ninachojua ni kwamba Okello alikuwa na ndugu mmoja ardhini, na mjane mmoja juu yake, na hakuwa na kitu kingine cha kuwapa.

Jerusa alimkamata jogoo mwenyewe. Alimwendea alfajiri angali kijitini, akamshusha kwa kumshika mabawa yote mawili, taratibu, ili vifaranga wasishtuke. Alimshika kifuani kwa kitambo. Huyo alikuwa kitu cha mwisho ambacho Alfayo alikichagua kwa mikono yake mwenyewe, na Jerusa alisema kumkabidhi kwa Okello kulimuuma kuliko udongo wa kaburini, kwa sababu mazishini hakuulizwa. Okello akachinja. Wanaume wa Uyoma wakaja baada ya kazi, wakaketi nje ya mlango wakala na ugali wa mtama, wakizungumza juu ya Alfayo, mzaha wake na ukaidi wake. Siku zile wanawake wa kwao hawakula kuku, wala wa kwetu, ingawa kanisani tuliambiwa si dhambi. Jerusa na mama yangu walikaa ndani wakisikiliza. Jerusa aliwahudumia wote, akahakikisha hakuna aliyerudi na njaa, kama afanyavyo mwenye nyumba.

Jioni ile alikwenda kusimama kwenye wavu. Alikuwa amewasha taa, akaiweka karibu, tayari kwa lolote. Vifaranga walimtafuta jogoo, wakatembea wakageuka, wakasimama chini ya mahali alipokuwa akilala. Mmoja akaruka juu. Wengine wakafuata, na Jerusa akaizima taa.

Okello aliondoka kesho yake. Habari ya kumrithi Jerusa hakuitaja, na Jerusa hakumwuliza. Alimfungia mihogo ya kuchemsha na chumvi kidogo, akamsindikiza mpaka njia panda ya kiwanda, mama yangu akiwa nyuma yao na debe lake la maji. Hapo Okello akageuka. Alimwambia kwa Kijaluo kwamba siku yake ikifika, hata kama ni miaka mingi ijayo, asikubali mtu ambebe kumpeleka Uyoma. Alazwe hapa kando ya mumewe. Yeye Okello, akiwa hai, atakuja mwenyewe kuhakikisha.

Jerusa hakumshukuru. Alimwomba angoje. Omwenga, yule nyapara, alikuwa akishuka na wachumaji wake, naye Jerusa akamsimamisha katikati ya njia, akamwita na mama yangu asogee, atue debe. Kisha akamwambia shemeji yake ayaseme tena maneno yale, kwa Kiswahili, wayasikie watu wasio wa Uyoma.

Okello hakuwa na Kiswahili kingi. Alikohoa, akavua kofia, akatafuta maneno moja moja huku nyapara akimngoja.

"Hapa ni nyumbani ya ndugu yangu," alisema. "Huyu mama, hakuna mtu ya kumtoa. Yeye ni ya hapa."